Kwa nini mchoro wa penseli hutangulia mfumo wa kompyuta

KABLA ya kompyuta kutwaa kazi yote ya kupanga kurasa za gazeti, mhariri alikuwa na karatasi iliyoitwa dami. Ilikuwa na mistari ya safu, na juu yake mhariri alichora kwa penseli na rula: hapa kichwa cha habari kuu, hapa picha, ambayo ilikuwa mstatili mtupu uliokatwa kwa mistari miwili ya mshazari, hapa tangazo la biashara ambalo halikuguswa kwa kuwa lilikwisha kulipiwa. Dami haikuwa na habari yenyewe, wala picha, wala rangi. Hata hivyo, kila aliyeitazama alijua ukurasa wa kesho ungekuwaje, na iwapo mkubwa wake hakuridhika, kifutio kilitosha. Kosa hilo hilo likigunduliwa usiku wa manane, mitambo ya uchapishaji ikiwa imeanza kunguruma, gharama yake ilikuwa nyingine kabisa.

Nimeikumbuka dami kwa sababu kazi yake sasa inahitajika kwingineko. Vyama vya ushirika, hospitali, shule na serikali za kaunti zinanunua mifumo ya kompyuta ya kusajili watu, kupokea malipo na kutunza kumbukumbu. Mara nyingi mfumo hufika ukiwa umekamilika, hotuba zikatolewa, utepe ukakatwa, na wiki mbili baadaye karani amelirudia daftari lake la zamani. Si kwamba mfumo umeharibika. Unafanya kile hasa kilichoandikwa katika mkataba. Tatizo ni kwamba kilichoandikwa sicho walichokihitaji wenye kuutumia, na hakuna aliyeligundua hilo wakati ambapo kifutio kingetosha.

Mtu anayetarajiwa kuligundua mapema ni mchanganuzi wa biashara. Taaluma hii si ngeni tena. Shirika la kimataifa la wachanganuzi hao liliasisiwa Toronto, Kanada, mwaka 2003, na mwongozo wake mkuu, ambao toleo la tatu lilitoka mwaka 2015, umeutaja uundaji wa vielelezo miongoni mwa mbinu za kazi hiyo. Mchanganuzi haandiki programu. Kazi yake ni kusimama kati ya anayelipa, atakayetumia na atakayeunda, na kuhakikisha kwamba wote watatu wanazungumzia kitu kimoja.

Hilo si jambo jepesi, kwa sababu maneno huwapatanisha watu ambao kwa kweli hawajaafikiana. Andika katika hati kwamba "mfumo umwezeshe karani kumtambua mwanachama kwa haraka" na kila mtu mezani atatikisa kichwa kukubali. Mwenyekiti anaona picha ya mwanachama ikijitokeza kwenye skrini. Mwandishi wa programu anaona kisanduku cha kutafutia jina. Karani anaona nambari ya uanachama, basi. Wote wametia sahihi, na kila mmoja ametia sahihi yake kwenye ndoto yake.

Dawa ya maradhi haya ni kuchora. Mchoro wa kwanza, ule wa mistari mitupu usio na rangi wala mapambo, wataalamu wa Nairobi huuita waiafremu. Katika makala haya nitauita kiunzi, neno linalotokana na kuunda, ambalo hutaja umbo la mbao linalosimamishwa kwanza ili kitu kizima kijengwe juu yake. Nyumba ya udongo ikiwa bado miti na fito tu, unaweza tayari kuingia mlangoni, ukahesabu vyumba na kusema dirisha limekaa pabaya. Mchoro wa pili ni prototaipu, nami nitauita kielelezo. Tofauti yao ni kwamba kiunzi hutazamwa, kielelezo hutumiwa. Ukibonyeza kitufe kwenye kielelezo, unapelekwa ukurasa unaofuata, hata kama nyuma yake hakuna hesabu inayofanyika wala kumbukumbu inayowekwa.

Mfano wa kituo cha maziwa

Tuchukue chama cha ushirika cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, cha kubuni, lakini kinachofanana na vingi vilivyoko Nyandarua, Meru au Nandi. Kila alfajiri wafugaji hupanga foleni kituoni. Karani huyapima maziwa kwa laktomita kubaini kama yametiwa maji, huyajaribu kwa alkoholi kuona kama yameanza kuchacha, huyaweka kwenye mizani, kisha huandika kilo katika daftari na katika kadi ya mfugaji. Mwisho wa mwezi hesabu hujumlishwa, deni la dawa na chakula cha mifugo hukatwa, na kinachosalia hulipwa. Sasa chama kimeamua kuachana na daftari. Mwenyekiti amemweleza mchanganuzi haja yake kwa maneno machache: mashine ya kurekodi maziwa.

Mchanganuzi asiye na subira angeandika kurasa arobaini za mahitaji na kuomba zitiwe sahihi. Mwenye kuijua kazi hufika kituoni saa kumi na moja alfajiri, akasimama kando, akatazama. Siku ya pili anarudi na karatasi tano. Katika ile ya kwanza amechora mstatili wa ukubwa wa skrini ya simu; juu pana nafasi ya jina la mfugaji, chini yake nafasi ya kilo, na chini kabisa kitufe kilichoandikwa "Hifadhi". Anamkabidhi karani na kumwambia: "Chukulia kwamba hii ndiyo mashine. Mfugaji wa kwanza huyu hapa. Mwandike."

Karani anaitazama karatasi, kisha anauliza: "Jina hili nitaliandika saa ngapi, mkono umelowa maziwa na foleni imefika barabarani?" Yeye hawatambui wafugaji kwa majina. Anawajua kwa nambari, kwa kuwa majina mengine yanarudiwa mara tatu au nne katika kijiji kimoja. Karatasi inapigwa mstari papo hapo. Nambari inachukua nafasi ya jina, na tarakimu zinachorwa kubwa kiasi cha kubonyezwa kwa kidole chenye maji. Mabadiliko haya yamegharimu nusu dakika.

Kisha karani anauliza swali la pili: "Na haya niliyoyakataa, nitayaandika wapi?" Hakuna mahali. Mwenyekiti hakuyataja maziwa yaliyokataliwa kwa sababu hayafiki ofisini kwake. Hata hivyo, kwa mfugaji ndiyo chanzo cha ugomvi wa kila mwisho wa mwezi. Yeye anakumbuka kwamba alileta maziwa siku thelathini, kadi inasema ishirini na sita, na hakuna kumbukumbu ya zile siku nne wala sababu ya maziwa kukataliwa. Inachorwa karatasi ya sita.

Jambo la tatu haliibuliwi na karani. Kwenye foleni kuna mama ambaye ameletewa mchoro wa stakabadhi ili aseme kama unasomeka. Anausoma, anatua, kisha anasema kwamba jina lililoandikwa hapo ni la mumewe. Yeye ndiye anayekata majani, ndiye anayekamua, ndiye anayefika kituoni kabla ya mapambazuko, lakini nambari ya uanachama ni ya mume na malipo huingia katika akaunti ya mume. Anauliza kama stakabadhi inaweza kuonyesha jina la aliyeleta maziwa pia.

Hili si swali la skrini. Linahusu mwanachama ni nani na nani ana haki ya kujua kilichopimwa na kilicholipwa. Mchanganuzi hana mamlaka ya kulijibu, wala mwandishi wa programu. Ni la bodi na mkutano mkuu. Ila lisingefika huko kupitia hati ya kurasa arobaini, kwa sababu mama huyo hangepewa hati hiyo aisome, na hata angepewa, pasingekuwa na mstari unaomfanya aulize. Aliuliza kwa sababu aliona kipande cha karatasi chenye umbo la kitu anachokijua, na jina juu yake halikuwa lake.

Kuna michoro ambayo wanaoanza kazi hii huisahau, nayo ndiyo ile inayoonyesha mambo yakienda mrama. Karani akibonyeza kilo 300 badala ya 30, skrini itasema nini? Mtandao ukipotea katikati ya foleni je? Mfugaji akileta maziwa ya jioni baada ya kuleta ya asubuhi, mashine itayajumlisha au itadhani ni kosa? Nimeona mipango mingi yenye skrini nzuri za siku njema. Siku njema haina haja ya kuchorewa sana.

Viunzi vikishatulia, huunganishwa kwa programu ya kuchorea na kugeuzwa kielelezo, kisha kinapelekwa kituoni na saa ya mkononi. Daftari liendelee kufanya kazi yake kama kawaida, na kielelezo kiwe pembeni, kikiandikiwa wafugaji wale wale. Ikiwa daftari humhudumia mtu kwa sekunde ishirini na kielelezo kwa arobaini, foleni itarefuka maradufu na maziwa yatachacha kwenye mitungi. Kipimo hicho hakipatikani katika chumba cha mikutano.

Thika na Nairobi, 2005

Msomaji anaweza kusema kwamba haya ni ya vijijini na ya kubuni. Basi tuutazame mfumo ambao takriban kila Mkenya mtu mzima ameutumia.

M-Pesa haikubuniwa iwe kile tunachokijua leo. Wazo la awali la kampuni ya Vodafone ya Uingereza, lililopata ruzuku ya karibu pauni milioni moja kutoka idara ya serikali ya nchi hiyo iliyoshughulikia maendeleo ya kimataifa, lilikuwa kuwawezesha wateja wa mashirika ya mikopo midogo kupokea na kurejesha mikopo yao kwa simu. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone walishirikiana na Safaricom, shirika la mikopo la Faulu Kenya na benki ya Commercial Bank of Africa. Badala ya kuzindua mradi kote nchini, walianza kwa majaribio mnamo Oktoba 2005 katika Nairobi na Thika, kwa mawakala wanane na wateja wasiofika 500.

Kwa maana halisi ya neno, majaribio hayo yalikuwa zaidi ya kielelezo, kwa kuwa pesa zilikuwa za kweli. Ila yalifanya kazi ile ile ya kuwatazama watu badala ya kuwauliza. Na walichokiona waasisi hao, ambacho Hughes na Lonie walikieleza kwa maandishi mwaka 2007, hakikuwa katika mpango. Wateja walirejesha mikopo, sawa. Lakini pia wafanyabiashara walilipana wao kwa wao. Wengine waliligeuza wakala kuwa sanduku la usiku, kwa sababu benki zilifunga kabla ya wakala kufunga. Wengine waliokuwa wakisafiri kati ya maeneo ya majaribio waliweka pesa walikotoka na kuzitoa walikofika, ili wasizibebe njiani. Wapo walionunua muda wa maongezi kwa M-Pesa na kuwatumia jamaa zao mashambani. Na wapo waliowalipia wenzao mikopo ili kupata huduma nyingine kwao.

Kwa upande mwingine, sehemu iliyodhaniwa kuwa kiini cha mradi ndiyo iliyoleta maumivu ya kichwa. Kuoanisha hesabu za mfumo mpya na za shirika la mikopo, zilizotunzwa kwa mikono, kulikuwa kazi nzito. Aidha, maafisa wa mikopo walihofia kwamba wateja wakilipa kwa simu, mikutano ya vikundi ingepoteza nguvu, nayo mikutano hiyo ndiyo iliyowabana wanachama kulipa.

Basi huduma ilipozinduliwa kwa umma Machi 2007, mikopo midogo haikuwa tena shabaha. Shabaha ilikuwa kutuma pesa nyumbani. Mtu anaweza kujiuliza ingekuwaje iwapo mradi ungetekelezwa kama ulivyoandikwa mwanzoni, kwa uaminifu na kwa bajeti kamili. Pengine tungekuwa na mfumo mzuri sana wa kurejeshea mikopo.

Mchapaji aliyefichwa

Kuna wakati kitu kinachotakiwa hakiwezi kuundwa bado, hata kwa mfano. Watafiti wa IBM nchini Marekani walikabiliwa na hali hiyo walipotaka kujua kama watu wangependa kuandika barua kwa kuiambia kompyuta badala ya kupiga chapa. Wakati huo hapakuwa na kompyuta yenye uwezo wa kusikia maneno kwa kiwango hicho. Walichofanya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1983 na John Gould na wenzake, ni kumketisha mtu mbele ya kipaza sauti na skrini, na katika chumba kingine wakamficha mchapaji hodari. Aliyeketi alisema, mchapaji aliandika, maneno yakajitokeza kwenye skrini. Watafiti waliweza hata kujaribu hali mbalimbali, kama vile mashine inayojua maneno elfu moja tu, au inayomlazimu msemaji kutua baada ya kila neno, bila kuunda mashine yoyote kati ya hizo.

Jeff Hawkins, mwasisi wa kampuni ya Palm, alitumia kifaa duni zaidi. Kabla ya kompyuta ndogo ya mkononi ya kampuni yake kuingia sokoni mwaka 1996, alichonga kipande cha ubao chenye ukubwa aliokusudia, akakitia katika mfuko wa shati na kutembea nacho. Mtu akimwomba miadi, alikitoa na kujifanya anaandika. Kwa njia hiyo alijua ni mambo yapi angeyahitaji kwa kweli katika siku ya kazi.

Jambo ambalo mifano hii hutufunza kuhusu mbinu ni kwamba anayejaribu apewe kazi ya kufanya, si kuombwa maoni. Swali "je, unapenda muundo huu?" halina faida kwetu hasa. Adabu zetu hututaka tusifu kazi ya mgeni aliyetoka mbali, na karani mdogo hathubutu kuukosoa mfumo ulioagizwa na mkurugenzi, sembuse mkurugenzi akiwa ameketi papo hapo. Kwa hiyo mchanganuzi stadi humwomba mkubwa atoke chumbani. Kisha husema, "Mwandike mfugaji huyu," na kunyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Kidole cha karani kikielea juu ya skrini kwa sekunde tano bila kujua kibonyeze wapi, jibu limepatikana, na mchanganuzi anayekimbilia kumwelekeza amelifuta jibu hilo.

Kwa sababu iyo hiyo, penseli ina faida ambayo rangi haina. Mchoro wa penseli hutangaza wenyewe kwamba haujakamilika, na mtu huona aibu kidogo tu kuukosoa. Mchoro uliopambwa kwa nembo ya shirika na vivuli vya kupendeza huonekana kama jambo lililokwisha kuamuliwa, na mazungumzo yote huishia kwenye rangi: kijani hiki kimekoza mno, nembo isogezwe kulia. Maziwa yaliyokataliwa hayatajwi.

Kuhusu idadi ya watu wa kujaribu, Jakob Nielsen, mtaalamu mzaliwa wa Denmark, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano hutosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo, na kwamba ni heri kurudia majaribio madogo mara kadhaa kuliko kufanya moja kubwa. Wapo wataalamu waliompinga, na nadhani pingamizi lao lina uzito hapa kwetu, ambapo mtumiaji wa Westlands na wa Wajir hawatofautiani kwa anwani tu. Watu watano wa kila aina, basi, wala si watano wa jumla.

Hatari ya urembo

Kielelezo kina hatari yake, na inakua kadiri kinavyopendeza. Mkurugenzi anaonyeshwa skrini zinazofunguka na kufungika vizuri, anatabasamu, kisha anasema: "Kumbe mmeshamaliza! Tuzindue Ijumaa." Kueleza kwamba nyuma ya skrini hizo hamna kitu ni kama kumwambia mtu kuwa nyumba aliyoionea rangi haina msingi. Baadhi ya waundaji, kwa kubanwa na muda, hukubali, na kile kilichokuwa cha kutupwa kikawa ndicho mfumo wenyewe. Kwa hiyo ni lazima isemwe tangu siku ya kwanza, tena kwa maandishi, kama kielelezo ni cha kujifunzia na kutupwa au ni cha kukuzwa hatua kwa hatua hadi kiwe mfumo kamili. Kila njia ina wenye kuitetea. Fred Brooks, katika kitabu chake mashuhuri cha mwaka 1975 kuhusu uundaji wa programu, alishauri watu wapange kabisa kuitupa kazi ya kwanza. Katika toleo la mwaka 1995 aliusahihisha mwenyewe ushauri huo, akisema ulirahisisha mambo kupita kiasi.

Vilevile kuna yale ambayo kiunzi hakiwezi kuyaonyesha hata kikichorwa na bingwa. Hakionyeshi kama mfumo utahimili watu elfu kumi kwa wakati mmoja. Hakionyeshi nani ataweza kuiba, wala kama makato ya deni la chakula cha mifugo yamekokotolewa ipasavyo. Haya lazima yaandikwe kwa maneno na tarakimu, kando ya mchoro, na yapimwe kwa njia zake. Mchanganuzi anayedhani michoro imemwondolea kazi ya kuandika atakuja kuumbuka.

Katika chumba kimoja cha habari nilichopata kufanya kazi, uliletwa mfumo mpya wa kupitishia habari kutoka kwa mwandishi hadi kwa mhariri na kwenye ukurasa. Ulikuwa na kila kitu isipokuwa njia ya kumrudishia mwandishi habari yake aijaze mapengo. Walioununua walidhani habari husonga mbele tu. Yeyote aliyekaa jioni moja kwenye meza ya wahariri angewaambia kwamba nusu ya kazi yetu ni kurudisha. Hatukuonyeshwa mchoro wowote. Kwa miezi kadhaa habari zilirudi kwa waandishi kupitia baruapepe za binafsi, mfumo ukidhani zimelala, na angalau mara moja tulichapisha nakala isiyosahihishwa kwa sababu iliyosahihishwa ilikuwa imekaa mahali ambapo mfumo haukupajua.

Mahali pa kujaribia pana uzito sawa na mchoro. Katika uchaguzi mkuu wa Machi 4, 2013, vifaa vya kielektroniki vya kuwatambulisha wapigakura vilikwama katika vituo vingi, vingine kwa kuishiwa na chaji katika madarasa yasiyo na umeme, na makarani wakarudia sajili iliyochapishwa. Itakuwa si haki kudai kwamba kielelezo kingeyazuia yote hayo. Mahakama ya Juu katika uamuzi wake ilitaja mivutano iliyozuka ndani ya tume wakati wa ununuzi wa vifaa hivyo. Lakini suala la betri katika darasa lisilo na soketi si la mivutano. Hilo hujulikana kwa kukaa na kifaa darasani kutwa nzima, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi.

Kikwazo kikubwa katika taasisi za umma ni namna tunavyonunua. Zabuni hudai mahitaji yote yaandikwe kabla ya mzabuni kupatikana, na mzabuni hupimwa kwa kutekeleza yaliyoandikwa. Akigundua baadaye kwamba yaliyoandikwa hayafai, kuyabadilisha ni kufungua mkataba, na kila mtu huogopa wakaguzi. Hata hivyo, mlango upo. Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya mwaka 2015 inaitambua zabuni ya hatua mbili, iliyokusudiwa hali ambapo mnunuzi hawezi kueleza kwa ukamilifu anachokihitaji tangu mwanzo. Isitoshe, hakuna kinachoizuia taasisi kumlipa mchanganuzi kwa majuma machache ya kuchora na kujaribu, kisha kuiambatanisha michoro hiyo katika hati za zabuni. Mzabuni atakadiria bei ya kitu anachokiona.

Tahadhari moja kuhusu michoro hiyo. Ni kawaida kwa waundaji kujaza vielelezo kwa majina na nambari halisi za wateja ili vionekane vya kweli, kisha kuvisambaza kwa baruapepe. Tangu kupitishwa kwa Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, mchezo huo unaweza kuliingiza shirika matatani. Majina ya kubuni yanatosha. Bora tu yawe marefu kama majina yetu yalivyo, maana nafasi iliyochorewa jina la herufi nane haitoshi jina la mtu mwenye majina matatu, na hilo nalo hugunduliwa siku ya uzinduzi.

Gharama ya vifaa ni ndogo kiasi cha kutia aibu: karatasi, penseli, kifutio, na nauli ya kufika panapofanyiwa kazi. Kila karatasi iandikwe tarehe na jina la aliyeshauri mabadiliko, na zisitupwe, kwa sababu miezi sita baadaye mtu atauliza ni nani aliyeondoa nafasi ya jina. Kiunzi cha stakabadhi yenye majina mawili, la mwenye nambari na la aliyeleta maziwa, huchukua dakika kumi kuchora. Kukubaliana juu yake huenda kukaichukua bodi mikutano mitatu, na mikutano hiyo ingefaa ifanyike kabla mkandarasi hajapokea malipo yake ya kwanza.